Barua zenu: Aliniapisha nisimwambie mtu

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua za ndoa na mawifi nimeziweka kando kwanza, msinikasirikie. Tangu tuandike kidogo kuhusu tarehe 10 Septemba, ile siku ya dunia ya kuzuia watu kujiua inayoadhimishwa tangu 2003, boksi la barua limejaa, na kilichonigusa ni kwamba wengi walioandika si wale wenye mawazo ya kufa, ni wale waliokaa karibu nao. Mwanafunzi aliyechaguliwa kuwa kaunsela wa wenzake, mwalimu, mwenyekiti wa steji ya boda, binti anayepokea simu za usiku. Watu wanaofanya hii kazi, wengine kwa mshahara wengine bila hata nauli, alafu wao wenyewe hawana wa kumuuliza. Leo ni zamu yenu.

Ila kama wewe unayesoma hapa ndo una hayo mawazo usiku wa leo, acha kusoma kwanza. Ukiwa Kenya piga 1199, ni laini ya Msalaba Mwekundu na haikati hela. Mtoto au kijana mdogo piga 116, Kenya na Tanzania, bure pia. Au mguse mtu aliye karibu umwambie tu "naogopa kubaki peke yangu, kaa na mimi". Barua zitakusubiri.

*

*Shangazi habari. Mimi niko mwaka wa tatu chuo kimoja huku Eldoret na nilifanya semina ya kuwa kaunsela wa wenzetu, siku tano. Kuna komredi tunakaa hosteli moja, wiki jana usiku aliniambia amechoka na maisha na ameshapanga. Akaniapisha kwa jina la mama yangu nisimwambie mtu. Tangu siku hiyo silali, usiku nakaa mlangoni kwake nasikiliza kama anapumua, mchana nasinzia kwa lekcha. Nikisema nitakuwa nimemsaliti na hakuna mtu atakuja kwangu tena. Nisiposema je?*
*Kaunsela wa hosteli, Eldoret*

Mwanangu, sema. Sema leo, na ukimaliza mstari huu inuka uende kliniki ya chuo au kwa kaunsela wa chuo, jibu lililobaki utasoma baadaye.

Kile kiapo ulikula kwa woga na yeye alikuapisha kwa woga, hakikufungi. Siri ya kaunsela ina mpaka na mpaka wenyewe ni uhai, hata daktari bingwa anafuata hivyo hivyo. Na kosa si lako, kosa ni la waliokufundisha siku tano wakakurudisha hosteli bila kukupa ile sentensi inayotangulia zote, inayosemwa kabla mtu hajafungua mdomo: "Utakayoniambia yanabaki hapa, isipokuwa nikiona maisha yako yako hatarini, hapo nitatafuta msaada na wewe ndo utakuwa wa kwanza kujua." Ikariri. Watu wakiisikia bado wanaongea, nakuhakikishia, maana mtu anayekwambia amepanga kufa ana upande mmoja unaotaka kuondoka na upande mwingine unaotamani sana mtu amzuie, na huo upande wa pili ndo uliogonga mlango wako usiku ule. Ungekuwa haupo asingekwambia kitu.

Sasa namna ya kusema. Usimzunguke kama una njia nyingine. Mwambie, "Uliponiapisha nilikubali kwa sababu niliogopa. Nimefikiria, siwezi kulibeba hili peke yangu na sitaki kukupoteza, twende wote." Akikataa, unaenda wewe, na unamwambia unaenda, na unamwacha na mtu mwingine chumbani, haachwi peke yake hata dakika kumi kama mpango ni wa karibu. Atakasirika, ndiyo. Mimi nimeshatukanwa matusi mazito kwa sababu hii hii, na wawili kati ya walionitukana mpaka leo wananitumia salamu kila Krismasi.

Ukikaa naye muulize wazi. Unafikiria kujiua? Umepanga lini? Hicho unachotaka kukitumia unacho hapa? Usimuulize kwa ile sauti ya "lakini wewe si huwezi kufanya huo ujinga", hapo umeshamjibia, atasema hapana ili akupumzishe wewe. Akiwa na siku na akiwa na kitu mkononi, hiyo ni dharura kama ya mtu anayevuja damu, ni hospitali, na hicho kitu kiondoke chumbani kiende mbali kwa mtu mwingine.

Na kuna karatasi moja ambayo ningetamani kila kaunsela wa hosteli awe nayo mfukoni. Inaitwa mpango wa usalama, waliitengeneza wataalamu wawili wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, na haina makuu. Mnakaa wote, yeye ndo anaandika kwa mwandiko wake na maneno yake: dalili zangu za kwamba yale mawazo yanarudi (yule wa kwanza niliyekaa naye kuiandika aliandika "naanza kuzima simu"), kitu ninachoweza kufanya mwenyewe kikanipitisha, mahali na watu wa kunitoa kichwani, watu ninaoweza kuwaambia ukweli, namba za wataalamu, na mwisho namna tutakavyofanya chumba changu kiwe salama. Anaikunja anaiweka kwenye kava la simu. Yale mawazo makali mara nyingi huja kama wimbi, linapanda alafu linashuka, na ile karatasi kazi yake ni kumvusha hapo juu linapokuwa limepanda. Haichukui nafasi ya daktari, inamfikisha kwa daktari akiwa hai.

Alafu wewe. Siku saba mlangoni kwa mtu! Mtu asiyelala wiki nzima na yeye anahitaji kuangaliwa. Ukishawaambia wakubwa wa chuo, tafuteni marafiki zake watatu wanne anaowakubali yeye mwenyewe, gawaneni usiku. Na utakapokuwa kwa yule kaunsela wa chuo usiondoke bila kumwambia na wewe ulivyo.

*

*Dada, asalaam aleikum. Mwanangu ana miaka 16, amekuwa hali vizuri, amejifungia, na juzi kawagawia wadogo zake vitu vyake anavyovipenda, hadi saa. Nataka kumuuliza ila naogopa nisije nikamtia wazo ambalo hana.*
*Mama wa Tanga*

Waaleikum salaam dada yangu. Muulize. Hutomtia wazo. Hili limefanyiwa utafiti nchi nyingi na majibu yanafanana, kumuuliza mtu kwa upole kama anafikiria kujiua hakumpandishii hatari, na wengi wanashusha pumzi kwa sababu hatimaye kuna mtu ameliona. Na kugawa vitu anavyovipenda ni dalili isiyosubiri wiki ijayo.

Sisi lugha yetu imeshatupa mlango. Madaktari wa Tanzania wanasema sonona, huku Kenya vijana wanasema depreshen, lakini mwenye shida mara nyingi hasemi hayo, anasema "nina mawazo", "moyo umechoka", "kichwa kimejaa". Basi ingilia hapo hapo. Mkiwa wawili tu, labda mnachambua mchele au mko njiani, maana mtoto wa umri huo anaongea vizuri zaidi mkiwa hamtazamani usoni, mwambie "Naona una mawazo mwanangu. Mtu akiwa na mawazo mazito wakati mwingine anafikiria hata kujiua. Na wewe imekufikia hapo?" Alafu nyamaza. Dada, kunyamaza ndo kugumu, ila nyamaza, hata dakika nzima. Akisema ndiyo usilie kwanza wala usimwambie ni dhambi, anajua. Mwambie asante kwa kuniambia, na leo hii mwende hospitali ya wilaya, na ukihitaji mtu wa kukuelekeza piga 116. Dawa zote za nyumbani na za shamba zifungiwe, ufunguo ukae na wewe.

*

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya bweni hapa Kakamega. Nilitoa insha, msichana mmoja wa kidato cha tatu akaandika kurasa mbili za kuaga. Nilimpelekea naibu wa mwalimu mkuu nikidhani tutasaidiana, akaamua msichana aende nyumbani "mpaka apone", na akanionya kwamba hii ni kesi ya polisi na shule itaingia matatani. Je, ni kweli ni kosa la jinai? Na nimemharibia yule mtoto?*
*Mwalimu wa insha*

Mwalimu wangu, hujamharibia. Alikuwa na masomo mengi ya kuandikia, akachagua daftari lako. Anajua nani anasoma mpaka mstari wa mwisho.

Kuhusu sheria. Kuandika au kusema una mawazo ya kufa haijawahi kuwa kosa popote hapa kwetu. Kilichokuwa kosa Kenya ni kujaribu, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo mpaka miaka miwili au faini au vyote, na hicho kifungu kiliumiza watu kweli kweli, maana familia ilikuwa inamficha mgonjwa badala ya kumkimbiza hospitali. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisema kifungu hicho kinapingana na Katiba, kwenye kesi iliyopelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa akili na mwanaharakati Charity Muturi. Mwonyeshe naibu wako. Na mkumbushe kwamba sheria yenyewe tuliletewa na Waingereza, na wao kwao walishaifuta tangu 1961. Wasomaji wangu wa Tanzania, kwenu kifungu cha 217 kinaliita jaribio hilo kosa, ila hilo lisimzuie mtu kumpeleka ndugu yake hospitali, hospitali kwanza, mengine yatajadiliwa mtu akiwa hai.

Kumrudisha nyumbani ndo kumenichoma. Naelewa woga wa shule, lakini fikiria mtoto amefungua kifua kwa mara ya kwanza na jibu alilopata ni begi na safari ya basi, na marafiki ameachana nao, na huko nyumbani labda ndo kwenye chanzo chenyewe. Mwalimu, piga simu nyumbani leo. Hakikisha kuna mtu mzima yuko naye na ameelezwa ukweli wote, si kwamba "ana stresi kidogo". Waelekeze hospitali ya kaunti, wamwombe mtu wa afya ya akili. Alafu ongea na mkuu wa shule kuhusu namna ya kurudi, siku gani, atalala bweni gani, nani atakuwa mtu wake wa kumwendea hata usiku, na wenzake wataambiwa nini (wachache, tena kwa ruhusa yake). Mtoto anayerudi bila mpango anarudi kwenye minong'ono.

Na kwa shule nzima kuna kitu nakipenda, nitakitaja kwa sababu ni cha hapa hapa kwetu. Shamiri, ile taasisi aliyoianzisha kijana Mkenya Tom Osborn, inachukua vijana waliomaliza sekondari juzi tu, miaka 18 mpaka 22 hivi, inawafundisha na kuwasimamia, wanakwenda shuleni kukaa na wanafunzi kwa makundi kwa wiki nne. Hawaanzi na neno ugonjwa. Wanaanza na kwamba mtu anaweza kubadilika, wanaongea kuhusu shukrani, kuhusu mambo unayoyathamini, na tafiti zao za Kenya zimeonyesha dalili za sonona na wasiwasi zinashuka. Mtoto wa kidato cha tatu anamsikiliza mtu aliyekuwa kidato cha nne mwaka juzi kwa namna ambayo mimi na wewe hatutasikilizwa. Lakini hiyo ni ya kujenga mapema. Huyu wako ameshafika mbali, anahitaji mtaalamu.

*

*Shangazi pole na kazi. Mi ni mwenyekiti wa steji ya boda huku Nakuru, tuko vijana 34. Mwezi jana mmoja wetu alijitoa uhai. Hatukujua kitu, asubuhi yake alibeba abiria kama kawaida. Kwenye grupu ya WhatsApp picha zikatumwa, mazishini mhubiri akasema maneno mabaya mbele ya mamake, na sasa vijana wamekuwa kimya kimya, wawili hawaji steji. Nataka tufanye kitu ila sisi si madaktari. Tunaanzia wapi?*
*Mwenyekiti wa steji, Nakuru*

Mwenyekiti, poleni sana, wewe na vijana wote na mama wa marehemu. Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Anza na hao wawili. Leo, kabla ya mkutano wowote. Mtu aliyempoteza wa karibu kwa njia hii hatari yake na yeye inapanda, hilo linajulikana, kwa hiyo usiwasubiri waje. Nenda mwenyewe, au umtume anayependwa na huyo, wakae nje wafute pikipiki, alafu swali liulizwe wazi kama nilivyomwambia mama wa Tanga.

Grupu ya WhatsApp, wewe kama ni admini futa picha, na uandike kwa heshima kwamba hapa hatutumi picha ya mwenzetu, hatuelezi alivyofanya, wala barua aliyoacha kama ipo. Si kuficha aibu. Ni kwamba mtu mwingine aliye kwenye hali hiyo hiyo akisoma maelezo ya namna, yanamwonyesha njia, ndo maana Shirika la Afya Duniani linawaomba hata waandishi wa habari waache kabisa kuyaandika. Na msitafute sababu moja, "ni yule mwanamke", "ni deni". Huwa ni mambo yanayorundikana juu ya moyo uliokuwa umeshachoka. Badala yake andikeni mnavyomkumbuka, alivyokuwa anacheka, alivyomlipia mwenzake faini.

Yule mhubiri ameniumiza. Nendeni kwa yule mama, vijana kumi hivi na pikipiki zenu, mkae naye, mlitaje jina la mwanawe. Watu wakifiwa hivi wanaachwa peke yao haraka kuliko wafiwa wengine kwa sababu majirani hawajui waseme nini. Hamhitaji kusema kitu kikubwa.

Ulisema asubuhi alibeba abiria kama kawaida na hamkujua. Usijipige nalo. Zaidi ya watu 720,000 duniani wanakufa hivi kila mwaka, kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 ni sababu ya tatu ya vifo, na wanaume ni wengi kuliko wanawake, na sehemu ya sababu ni hiyo hiyo, mwanaume amefundishwa kubeba abiria kama kawaida. Najua maisha ya steji. Pikipiki ya mkopo, mikopo ya simu inayopiga kelele tangu saa kumi na mbili asubuhi, siku mbili za mvua na tayari hesabu imevunjika, alafu unarudi nyumbani unaulizwa unga. Kijana anaona aibu kuliko anavyoona njaa. Kwa hiyo mkiwa na chama chenu cha steji, tengeni kamfuko kadogo ka mtu aliyezidiwa wiki hiyo, na muwe na utaratibu kwamba mtu asipoonekana siku mbili kuna jina la anayemfuata, si "mtu amfuate", jina kabisa.

Kuhusu kutokuwa madaktari, ngoja nikusimulie. Harare, Zimbabwe, kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda. Alimpoteza mgonjwa, binti aliyetakiwa arudi hospitali ila familia haikuwa na nauli ya basi, dola 15. Daktari akaona kumbe kukaa hospitali kusubiri watu haitoshi. Mwaka 2006 akaanza na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo, wakawekewa benchi la mbao nje ya kliniki. Mabibi hawakusema sonona, walisema kufungisisa, neno la Kishona, kuwaza kupita kiasi, ni yale yale mawazo ya kwetu. Utafiti uliotoka 2016 wa watu zaidi ya 500 ulionyesha waliokaa na mabibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida ya kliniki, na benchi limeshafika mpaka Zanzibar.

Sasa mwenyekiti rudi kwenye ile nauli. Nyinyi ndo nauli! Steji ya vijana 34, mkikubaliana tu kwamba mtu yeyote wa mtaa anayehitaji kufika hospitali kwa ajili ya hili anabebwa bure, usiku au mchana, na namba yako imebandikwa kliniki na msikitini na kanisani, mmeshafanya kitu ambacho hospitali nyingi hazina. Mwombe muuguzi mmoja aje steji saa moja awafundishe kuangalia, kusikiliza na kumuunganisha mtu na msaada. Ni mafunzo ya msaada wa kwanza wa kisaikolojia, hayahitaji cheti cha shule.

*

*Shikamoo shangazi. Nimemaliza kidato cha sita Mwanza. Kaka yangu alijiua nikiwa kidato cha tatu. Nataka kufanya kazi ya kusaidia vijana, nisome nini? Na je, mtu kama mimi anafaa?*
*Binti wa Mwanza*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kaka. Unafaa.

Njia ziko kadhaa. Kuna ustawi wa jamii, Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Dar inafundisha, kuna saikolojia chuo kikuu, kuna uuguzi wa afya ya akili, kuna udaktari. Ukitaka kutibu kabisa utaendelea mbele, Muhimbili wana shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Mimi ukiniuliza, binti asiye na hela nyingi nyumbani namshauri uuguzi au ustawi wa jamii, maana hao ndo wanaokutana na kijana kabla mambo hayajafika Mirembe. Ile hospitali ya afya ya akili ya Dodoma ipo tangu 1927 na bado mtu akienda watu wanasema "amekuwa kichaa", kwa hiyo mtu anachelewa, anachelewa, na wewe ndo utakuwa yule anayemkuta mapema. Wa Kenya wajue kuna sheria ya 2014 ya makaunsela na wanasaikolojia, lazima usajiliwe na bodi, na vyeti vya wiki mbili vinavyouzwa mtandaoni haviwezi kukupa hiyo kazi. Mshahara si mkubwa, nakwambia mapema usije ukavunjika moyo.

Kuhusu kaka. Kabla hujawabeba wengine, keti na mtu umlie kaka yako vizuri, vikao kadhaa, si kimoja. Si kwa sababu una kasoro. Ni kwamba siku moja atakuja kijana mwenye sauti kama yake, atakaa kiti cha mbele yako, na siku hiyo unatakiwa umsikie yeye. Mpaka wakati huo anza na kujitolea penye usimamizi, klabu za vijana, shuleni, simu za usiku ziache kwanza. Na usidharau kazi ndogo. London mwaka 1953 kasisi Chad Varah alianzisha laini ya simu ya kwanza ya watu wenye mawazo ya kujiua, akaweka watu wa kujitolea wawapikie chai wanaosubiri kumwona. Baada ya muda akagundua wengi walikuwa wanaongea na wale wa chai, wanapata nafuu, hawahitaji tena kumwona yeye. Akaubadilisha mpango wote, wale wa chai ndo wakawa wasikilizaji wenyewe, na kutoka hapo ndo mtandao wa Befrienders ulipozaliwa, ambao Kenya upo hadi leo.

*

*Shangazi, najitolea kwenye laini ya simu hapa Nairobi, ni mwaka wa pili. Wiki mbili zilizopita usiku msichana alipiga, tukaongea dakika arobaini, akaanza kulia, alafu simu ikakatika. Nilipiga namba ikawa imezimwa. Sijui kama yuko hai. Kila nikisikia simu yoyote ikilia moyo unaruka. Je, kuna neno nilitakiwa kusema sikulisema?*
*Wa shifti ya usiku*

Binti yangu, hakuna neno. Najua ulitegemea niseme lipo, kwa sababu lingekuwepo ungejifunza na ungelala. Dakika arobaini hizo mtu alikuwa na sauti ya mtu mwingine sikioni, na alilia, na kulia mbele ya mtu mara nyingi ni wimbi linashuka. Betri inaisha, kredi inaisha, mama anaingia chumbani, simu inazimwa. Au imekuwa lile unaloliogopa. Hutajua, na kazi yetu ina hicho chumba kimoja ambacho mlango wake haufunguki.

Mimi ninacho cha kwangu. Kituo nilichoanzia, sitakitaja, hakikuwa na supavaiza usiku. Mvulana alipiga, akasema anaitwa jina ambalo nilijua si lake, akaniuliza kama navua viatu nikiwa kazini. Tukacheka. Nikafikiri amekuwa sawa, na sikumuuliza swali lenyewe, nikamuaga. Nikatoka saa kumi na mbili asubuhi, nikapanda matatu, hakuna mtu aliyeniuliza usiku ulikuwaje, wala kesho yake, wala mwezi ule. Nilianza kuogopa viatu, unaamini? Nilikaa hivyo karibu mwaka mpaka nikamwambia mtu. Sikuumizwa na simu peke yake, niliumizwa na kuibeba kwenye matatu mpaka nyumbani.

Kwa hiyo naomba nikuulize wewe ninayowauliza wote. Hizi wiki mbili, yale mawazo ya kufa yamekufikia na wewe? Kama ndiyo, hiyo 1199 ni ya watu wote, hata wanaopokea simu. Kama hapana, bado unahitaji kupumzishwa shifti za usiku mwezi huu na kukaa na supavaiza saa nzima, si korido, ofisini mlango umefungwa, umwambie dakika zote arobaini kuanzia "halo". Na kama kituo chako hakina mtu wa hiyo kazi, wewe na wenzako mdai awepo kabla ya kudai kitu kingine chochote, hata kabla ya nauli. Kila shifti iishe na dakika kumi na tano za kuulizana usiku ulikuwaje, na yule wa simu nzito asiondoke peke yake, mtu amsindikize mpaka steji.

Niandikie ukishaongea naye. Usipomwona wiki hii pia niandikie.